Chupa Isiyo na Jina

Kuhusu dawa za kuilia shaba katika nyumba zetu

Jioni moja ya mwezi wa Ramadhani tulikuwa tumekaa juu ya mkeka, katika uwanja wa nyumba ya dada yangu mtaa wa Chang'ombe, mjini Dodoma, tukingojea adhana ya Magharibi. Tende zilikwisha pangwa sahanini, uji ulikuwa ungali moto katika sufuria, na giza lilikuwa limeanza kuingia. Mama mzee wa nyumba akamwambia mjukuu wake, binti wa miaka 6, akalete chupa ya maji ya ukwaju iliyokuwa juu ya rafu ya jikoni. Mtoto akaenda mbio, akarudi amekumbatia chupa ya soda iliyojaa maji ya rangi ya kahawia. Akaifungua, akainamisha kwa adabu juu ya kikombe cha bibi yake.

Mikono yake midogo haikuweza uzito ule. Matone machache yakaanguka juu ya mfuniko wa sufuria ya uji, na baada ya kitambo kidogo matone yale yakaanza kutoa povu na kuchemka. Mvuke mwembamba ukapanda, nayo harufu ya kutu ikatufikia sote. Bibi akakifunika kikombe kwa kiganja chake, akasema kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, weka chini pole pole. Hayo si ya kunywa." Adhana ikalia, wala hapana aliyenyoosha mkono. Mfuniko ulipofutwa, tuliona umechimbika vishimo kama uliotafunwa.

Ndugu msomaji, chupa ile haikuwa ya ukwaju. Ilikuwa dawa ya kuilia shaba, mali ya mpwa wangu, kijana wa chuo anayejifunza mambo ya umeme. Alikuwa ameitia katika chupa ya soda asubuhi, akaiweka rafuni "kwa muda kidogo tu". Baba yake, shemeji yangu, alighadhibika kama ambavyo mzazi ye yote angeghadhibika. Akatoa hukumu mbili kwa pumzi moja: dawa yote imwagwe usiku ule ule nyuma ya nyumba, na kazi ya vibao ikome katika nyumba yake. Nyuma ya nyumba ile pana matuta ya mchicha. Nikamwomba, "Shemeji, ngoja tusali kwanza, kisha tufuturu. Neno hili si la kuamuliwa kwa hasira."

Yale tuliyoyazungumza usiku ule, na yale niliyoyapata baadaye kwa mwalimu mmoja wa kemia, ndiyo ninayoyaandika hapa. Kwa kuwa najua nyumba ile si ya peke yake.

KAZI YENYEWE NI NINI?

Ukifungua redio, simu au chaja yo yote, utaona ndani yake kibao chembamba chenye mistari ya shaba. Mistari hiyo ndiyo njia za umeme. Imechukua mahali pa nyaya nyingi ambazo zamani mafundi walizilehemu moja moja. Mtu anayetajwa sana katika habari ya uvumbuzi huu ni Paul Eisler, mhandisi aliyezaliwa Vienna, ambaye alitengeneza redio yenye kibao cha namna hiyo huko London katika miaka ya 1930.

Kibao huanza kikiwa kimefunikwa shaba upande mzima. Fundi huchora njia zake kwa wino usiopenya maji, kisha hukitumbukiza katika dawa. Dawa huila shaba yote iliyo wazi, na ile iliyo chini ya wino hubaki. Hapo wino hufutwa, na kibao kiko tayari kutobolewa na kulehemiwa.

Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka wa 2007, mji wetu umepata vijana wengi wenye kiu ya elimu kama hizi. Kijana anayetaka kujaribu chombo cha kuzima pampu ya maji tangi linapojaa, au cha kulinda joto la mayai ya kuanguliwa, akiagiza kibao kutoka ng'ambo atangoja majuma mengi na kulipa nauli kubwa. Akikifanya nyumbani, atakipata jioni ile ile. Basi yasitushangaze mabeseni haya. Tena ni heri kijana ashughulike na kibao kuliko kukaa barazani bila ya kazi. Lakini heri hiyo ina masharti yake.

DAWA ZENYEWE

Aghlabu hutumika dawa za namna tatu. Ya kwanza, na ndiyo maarufu kuliko zote, ni feriki kloridi, yaani chumvi ya chuma na klorini. Huuzwa ikiwa mawe ya manjano au unga, ama imekwisha kuyeyushwa ikawa maji ya kahawia. Huunguza ngozi na macho, hutia nguo doa lisilotoka, na hula madini mengi. Adui yake mkubwa ni alumini, ambayo ndiyo iliyofanya sufuria zetu nyingi. Na hiyo ndiyo sababu ya kuchemka kwa mfuniko ule.

Ya pili ni sodiamu pasalfeti, unga mweupe unaodhaniwa na mtu asiyejua kuwa ni chumvi au sabuni. Unga huu huupa moto nguvu, kwa hiyo haufai kukaa karibu na mafuta, mkaa, karatasi wala maranda ya mbao.

Ya tatu ni mchanganyiko wa tindikali ya haidrokloriki na hidrojeni peroksaidi. Hii hufanya kazi upesi, lakini hutoa mvuke unaokaba pumzi, na mtu anayejifunza nyumbani hana haja nayo. Mwalimu yule aliniambia kwamba katika nyumba yenye watoto asingeiruhusu kabisa, nami naona neno lake ni la haki.

Wako pia wanaotumia siki, chumvi na peroksaidi, wakisema kwamba kwa kuwa ni vitu vya jikoni na dukani, havina madhara. Hapa pana kosa. Siki ni chakula kabla ya kazi. Baada ya kazi imebeba shaba iliyoyeyuka, na shaba iliyoyeyuka ni sumu, hata kama imetoka katika chombo cha saladi.

KUHIFADHI

Madhara mengi hayaanzi wakati wa kazi, maana wakati huo fundi yuko macho. Huanza baada ya kazi, pale fundi amechoka, na chombo kilicho karibu ni chupa tupu ya maji au ya soda. Nasi katika nchi hii tumezoea kuzitumia chupa hizo tena na tena: kwa mafuta ya taa, kwa asali, kwa maji ya betri, kwa maziwa. Mtoto amefundishwa tangu utotoni kwamba chupa ya namna ile ni ya kunywa. Basi akinywa, kosa ni la nani?

Kanuni ya kwanza, basi, ni hii: dawa isiingie kamwe katika chombo kilichowahi kuwa cha chakula au kinywaji, hata kwa saa moja. Ikae katika chombo ilichonunuliwa nacho, au katika chombo kizito cha plastiki kilichonunuliwa kwa kazi hiyo, chenye kifuniko cha plastiki. Isikae katika bati, sufuria wala debe, kwa sababu italila na kuvuja.

Pili, chombo kipewe jina. Yaandikwe kwa Kiswahili, kwa wino usiofutika na kwa herufi ambazo mama mzee ataziona bila ya miwani: SUMU, HUUNGUZA, SI YA KUNYWA, kisha jina la dawa na tarehe iliyochanganywa. Asiyejua kusoma naye ana haki ya kuonywa. Alama ya kimataifa ya vitu vinavyounguza ni mraba uliosimama kwa pembe, wenye mpaka mwekundu, ndani yake maji yakidondoka juu ya mkono na juu ya chuma na kuvila. Mfundishe mtoto alama hiyo kama unavyomfundisha kuogopa moto.

Tatu, mahali. Dawa ikae chini, ndani ya beseni la plastiki litakalopokea itakayovuja, katika kabati lenye kufuli, mbali na jiko, mbali na chakula na mbali na zana za chuma. Isiwekwe juu ya rafu; kinachowekwa juu huanguka, na kinachoanguka humwagikia usoni. Isiwekwe kwenye stoo ya bati inayopigwa na jua, kwa maana Dodoma joto la mwezi wa Oktoba na Novemba ndani ya stoo kama hiyo ni kali sana, na peroksaidi ikipata joto huvunjika na kutoa hewa.

Nne, dawa ya pasalfeti au ya peroksaidi iliyokwisha kuchanganywa isifungwe kwa kukazwa. Hutoa hewa kidogo kidogo, na chombo kilichokazwa hufura mpaka kipasuke. Ni bora kuchanganya kiasi cha kazi ya siku ile tu. Feriki kloridi yaweza kufungwa na kutumika mara nyingi, mpaka iwe nzito kwa shaba na kazi yake iwe ya polepole.

Tano, dawa hizi zisikae jirani na maji ya kung'arishia nguo, ambayo wengi huyaita Jik. Yakikutana na tindikali, au na feriki kloridi yenyewe, hutoa gesi ya klorini, nayo hujeruhi mapafu. Wala doa la dawa sakafuni lisisafishwe kwa Jik.

Waislamu hatuna haki ya kuyaona mambo haya kuwa mageni. Mtume (s.a.w.) alitufundisha tufunike vyombo vyetu usiku na kufunga vinywa vya viriba kabla ya kulala. Na jina lenyewe la kemia limepita katika Kiarabu, al-kimiya, kabla ya kufika Ulaya. Na Abu Bakr ar-Razi, tabibu mkubwa wa karne ya tisa na ya kumi, alivipanga vitu vya kazi yake kwa aina zake, vya wanyama, vya mimea na vya ardhini. Mpango ulikuwa sehemu ya elimu. Anayechukua elimu akaacha mpango amechukua nusu.

WAKATI WA KAZI

Kazi ifanyike nje, au katika chumba kilicho wazi madirisha pande mbili, upepo ukimpiga fundi mgongoni. Avae miwani ya kukinga macho, glavu za mpira na nguo kuukuu zenye mikono mirefu. Beseni liwe la plastiki, na kibanio kiwe cha plastiki pia. Watoto, kuku na paka wasiwepo. Chakula na vinywaji visiwepo.

Anayeyeyusha unga wa feriki kloridi atie kwanza maji katika beseni, kisha atie unga kidogo kidogo. Asimwagie unga maji, kwa maana hupata joto ghafula na kuruka, hutoa na mvuke wa tindikali.

Jambo jingine ni letu sisi wa uwanda wa kati. Jicho lililoingiwa na dawa lataka kuoshwa kwa maji safi yasiyopungua dakika 15, mfululizo. Katika mji ambao mvua zake ni za msimu mmoja, na ambako mara nyingine bomba hulala kavu kwa zamu, si busara kufungua chupa ya dawa kabla ya kuhakikisha maji yapo. Ndoo ya lita 20, safi, imefunikwa, na kata juu yake, iwe pembeni ya fundi kabla hajaanza. Siku ambayo ndoo hiyo haikupatikana, kazi ingoje.

MAJI YALIYOBAKI

Sasa nije kwa hukumu ya kwanza ya shemeji yangu, ya kumwaga nyuma ya nyumba. Watu wengi hudhani kwamba ardhi humeza kila kitu. Tufanye hesabu. Kibao cha kawaida cha upande mmoja, chenye sentimeta 10 kwa 10, kimebeba shaba ipatayo gramu 3. Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi cha shaba katika maji ya kunywa kisizidi miligramu 2 kwa lita. Kwa hesabu hiyo, shaba ya kibao kimoja, ikiyeyuka yote, inatosha kuyafikisha maji ya lita 1,500, yaani ndoo 75, kwenye mpaka huo. Fundi mwenye bidii hufanya vibao vingapi kwa mwaka?

Sisemi kwamba beseni moja litaharibu visima vya Makutupora, vilivyoko kaskazini ya mji na vilivyotunywesha kwa miaka mingi. Nasema kwamba mji huu umeishi kwa maji yaliyo chini ya ardhi, na mwenye kunywa kutoka ardhini hana haki ya kuitia sumu ardhi. Na yaliyo karibu zaidi na beseni si Makutupora: ni mchicha, ni kuku wanaodonoa, ni kisima kifupi cha jirani. Tena shaba huua vijidudu vinavyoozesha uchafu katika shimo la choo, kwa hiyo chooni nako si mahali pake. Jirani hakushiriki katika faida ya kibao. Kwa nini ashiriki katika sumu yake?

Njia iliyo bora ni hii. Dawa iliyochoka itiwe katika ndoo kubwa ya plastiki, nje ya nyumba. Magadi yayeyushwe katika maji, kisha yatiwe humo kidogo kidogo, maana povu litapanda kwa nguvu. Povu likikoma hata ukiongeza magadi, ukali wa tindikali umekwisha, na tope litaanza kuzama chini. Lakini tambua: magadi yameondoa ukali, hayakuondoa shaba, shaba imo katika tope. Ndoo iachwe katika mahali penye kufuli na jua. Hapa hali yetu ya ukame inatusaidia, kwani maji hukauka upesi na kubakiza tope kavu. Tope hilo litiwe katika chombo chenye kifuniko na jina, kisha liulizwe mahali pa kupelekwa.

Pa kuuliza papo. Tangu mwaka wa 2003 nchi yetu ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, nayo husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi hapa Dodoma. Sheria hiyo yataka wafanyao biashara ya kemikali wasajiliwe. Kwa hiyo nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa, katika chombo chenye lebo. Anayekupimia dawa katika kichupa kisicho na jina anakuuzia hatari, hata akikupunguzia bei.

IKITOKEA AJALI

Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 15 au zaidi, kope zikiwa zimefunguliwa, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepoa. Ikigusa ngozi, vua nguo iliyolowa na osha kwa maji mengi. Usitie magadi, limau, dawa ya meno wala majivu, maji yanatosha.

Ikinywewa, mgonjwa asukutue mdomo na apelekwe hospitali mara moja. Asitapishwe, kwa sababu kilichounguza koo wakati wa kushuka kitaliunguza tena wakati wa kupanda. Desturi yetu ya kumnywesha maziwa kila aliyekunywa sumu si tiba ya jambo hili, na muda unaopotea katika kutafuta maziwa ni muda wa daktari. Chombo cha dawa kichukuliwe pamoja na mgonjwa. Na hapo ndipo jina lililoandikwa juu yake litakapofanya kazi kubwa kuliko zote, kwa maana daktari atajua anapambana na nini.

TULIVYOAMUA

Usiku ule, baada ya Tarawehe, shemeji alimwita mwanawe. Kijana alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Baba, nimekosa. Nilifikiri mimi najua iliyomo. Sikufikiri kwamba mimi peke yangu ndiye ninayejua." Sikupata kusikia maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo. Elimu iliyomo kichwani mwa mtu mmoja haimlindi mtu mwingine, mpaka iandikwe juu ya chupa.

Shemeji hakuikomesha kazi. Aliweka masharti: kabati lenye kufuli, ufunguo mmoja kwa kijana na mmoja kwa mama yake, hakuna chupa ya chakula, ndoo ya maji kwanza, dawa baadaye, na kila Ijumaa mama mzee aonyeshwe vyombo vyote, asomewe majina yake. Sharti hilo la mwisho lilikuwa la mama mzee mwenyewe. Alisema kwamba yeye ndiye aliyetuma mtoto, basi naye apewe kujua kilichomo nyumbani mwake.

Mfuniko wa sufuria haukutupwa. Umetundikwa msumarini juu ya kabati lile, na vishimo vyake vyaonekana toka mlangoni. Yule binti mdogo, akiulizwa na mgeni habari ya mfuniko ule, hujibu mwenyewe: "Ni ile chupa iliyokuwa haina jina."

Nawe, ndugu msomaji, kabla ya kulala leo, pita jikoni na stoo ya nyumba yako. Itazame kila chupa. Ile ambayo mtoto wako wa miaka 6 hawezi kukuambia kilichomo, iondoe hapo usiku huu huu.